Kipande Kilichojikunja Kama Ndoano

Mmeniambia niandike. Siku ya kustaafu kwangu mlinipa keki, mkanipa saa ya ukutani ambayo naikagua kila asubuhi kwa saa ya redio, halafu Lilian akasimama mbele ya watu akasema, "Dani, usituondokee na vitu vyote kichwani. Tuandikie." Sawa. Naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo anayetafuta maneno makubwa aende kwenye vitabu vyake. Mambo ya cheo siyasemi, hata hakikuwa kikubwa. Nitasema jinsi nilivyofundishwa kutoamini kitu chochote kinachoingia kwenye maabara ile, na wiki moja ambayo kutoamini kwangu kulikaribia kumtoa kizazi mtoto wa watu.

Niliingia hospitalini kufagia. Nilikuwa nakaa mtaa wa Nyalenda, natembea asubuhi na viatu mkononi mvua ikinyesha, navivaa mlangoni. Chumba cha kukata tishu kilikuwa mwisho wa ukumbi na hakuna mfagiaji aliyekitaka, kwa sababu ya formalini. Formalini ile ndiyo dawa inayoishika nyama isioze, lakini inashika na macho ya aliye hai. Siku ya kwanza nilitoka nje machozi yakinitiririka, mlinzi akanipa pole ya msiba.

Ndani alikuwa Mzee Ombok, mkataji wa tishu. Miwani yake ilifungwa kwa kamba ya nailoni, na hakuwa mtu wa salamu nyingi. Nilifagia mpaka miguuni pake. Akaninyooshea kioo chembamba.

"Unaona nini?"

"Uchafu."

"Uchafu wa rangi gani?"

"Waridi. Na kidogo zambarau."

Akakiweka chini ya hadubini, akaniambia niinamishe jicho. Niliona kitu kama shamba lililopandwa kwa mistari, mbegu za zambarau kwenye udongo wa waridi. Nilifikiri ameficha picha ndani ya mashine. Nikainua kioo, nikakitazama mbele na nyuma, kisha nikapiga magoti nikachungulia chini ya meza.

Nilingoja anifukuze. Alisema tu, "Asiyechungulia chini ya meza hanifai. Kesho uje unisafishie vioo."

Miaka miwili niliosha vioo. Kisha akaniruhusu kumimina dawa, na baadaye sana, kukata. Njia nyinyi mnaijua, ila niwaambie alivyonieleza mimi, maana sijaona mahali pengine ilipoandikwa hivyo. Ndani ya nyama kuna maji, na maji hayapatani na nta. Kwa hiyo unaleta spiriti iyatoe maji. Spiriti nayo haipatani na nta, unaleta zailini iitoe spiriti. Zailini ikishakaa, nta ya moto inaitoa zailini na kuingia yenyewe. "Ni wapangaji," Mzee Ombok alikuwa akisema. "Kila mmoja anamtoa mwenzake, na wa mwisho ndiye anabaki na nyumba." Ukiharakisha mpangaji mmoja, maji yanabaki ndani, na siku ya kukata nyama inachanika kama chapati mbichi. Mtu akiwaambia amepita spiriti kwa nusu saa, msimwamini. Nuseni chupa yake kwanza, muone kama ni spiriti ama maji.

Bloku la nta likishaganda, unalifunga kwenye mashine, unazungusha mkono wake, na utepe unatoka mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Hapo unashika pumzi. Ukipiga chafya umempeleka mgonjwa sakafuni. Utepe unaulaza juu ya beseni la maji ya vuguvugu, ujinyooshe mikunjo, kisha unauteka kwa kioo kutoka chini, pole pole, kama unavyoteka utando wa maziwa. Na kila ukimaliza bloku moja unapitisha karatasi laini juu ya maji, unapangusa, ndipo unalaza utepe wa mtu mwingine. Kila bloku. Hata kama maji yanaonekana safi. Mzee Ombok alikuwa akinipiga vidole kwa penseli nikisahau. "Maji yanaficha," alikuwa akisema. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Baada ya hapo ni rangi mbili. Ya kwanza ni zambarau, inakamata viini. Ya pili ni waridi, inakamata kilichobaki. Aina za tishu alinifundisha kwa vitu vya sokoni, kwa sababu aliona majina yananipita. Tishu ya kufunika, ile ya juu ya ngozi na ndani ya mdomo na tumbo, imepangwa kama miche ya sabuni dukani, mstari juu ya mstari, na mmoja ukitoka kwenye mstari uliza kwa nini. Tishu unganishi ni gunia la katani lililofumuka, nyuzi huku na huku, na penye mafuta utakuta mashimo matupu tu, kwa kuwa zailini imeyala. Misuli ni samaki waliopangwa kwenye karai, wote vichwa upande mmoja. Neva ni kamba ya wavu iliyosokotwa, na ukiiona mara moja huisahau. "Saratani," aliniambia, "ni miche ya sabuni iliyokataa foleni." Kusoma saratani hakukuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuangalia kama kioo kimekatwa vizuri na rangi imekaa. Lakini mtu akiangalia vioo miaka thelathini, jicho halimwombi cheti.

Sasa daftari langu. Mnalijua, mmelicheka vya kutosha. Chupa ikija na nyama ndani, fomu inasema maneno marefu ambayo mimi niliyasoma kwa shida. Basi nilichora. Naandika namba ya mgonjwa, jina siandiki, na chini yake nachora vipande vilivyomo, kimoja kimoja, kwa umbo lake. Punje ya mchele. Haragwe. Sikio. Dagaa wa omena aliyevunjika mkia. Nikimaliza nahesabu mara mbili. Niliwahi kuletewa chupa ya jemu yenye jina lililoandikwa kwenye kifuniko, na ya pili yake hivyo hivyo, na aliyezileta akazifungua zote mbili mezani kuonyesha hazivuji. Nikamuuliza, sasa kifuniko kipi ni cha chupa ipi? Akanitazama kama mimi ndiye mkosaji. Tangu siku hiyo sikuamini chupa, kifuniko, wala mleta chupa.

Mzee Ombok alistaafu, akaenda kwake kupanda miti, akafa. Baadaye akaja Lilian na diploma yake. Lilian, nitasema ukweli hapa, na wewe unaujua. Sikukuamini. Ulikuwa na kucha ndefu na simu kwenye mfuko wa koti, na ulikuwa ukimimina dawa huku unacheka na mtu asiyeonekana. Nilinusa kila chupa uliyoigusa. Ukienda chai, nilipima spiriti yako. Uliniuliza siku moja, "Dani, mimi nilikukosea nini?" Nikakujibu, "Bado."

Sasa wiki yenyewe.

Kioo kikishasomwa na daktari kinarudi kwetu kuwekwa kabatini. Mzee Ombok alinizoesha kukitupia jicho la mwisho kabla hakijalala. Alhamisi ile nilichukua kioo kimoja cha mlango wa kizazi. Fomu iliyoshikanishwa nacho ilikuwa ya msichana wa Nyamasaria, miaka ishirini na minne, ameolewa, hajazaa. Chini Daktari Nafula, msomaji wetu wa vioo, alikuwa ameandika saratani, na kwamba apelekwe kwa upasuaji, kizazi kitolewe. Karatasi ilikuwa bado haijatumwa kwa kuwa alitaka kwanza kuongea na daktari wa upasuaji, na huyo angekuja kesho yake.

Nikaangalia. Kulikuwa na vipande vinne. Vitatu vilikuwa vimetulia, miche imepangwa, wekundu wa maambukizi kidogo. Cha nne kilikuwa kimejikunja kama ndoano, na ndani yake foleni ilikuwa imevurugika kabisa. Lakini kulikuwa na jambo. Nikizungusha gurudumu dogo la hadubini mpaka vile vitatu vionekane wazi, ndoano inakuwa ukungu. Nikiifanya ndoano ionekane wazi, vitatu vinakuwa ukungu. Vipande vilivyokatwa kwa wembe mmoja, kwenye utepe mmoja, hulala pamoja kiooni. Hiki kilikuwa kimelala juu, kama mgeni aliyelalia kitanda cha watu.

Nikafungua daftari langu. Namba ya msichana ilikuwa na vipande vitatu. Mchele, mchele, sikio.

Sikubisha hata mlango wa Daktari Nafula.

"Daktari, hiki kipande si chake."

Daktari Nafula aliondoa macho kwenye hadubini yake. "Dani, kama si chake ni cha nani? Kimetembea?"

"Kimeogelea."

"Keti kwanza."

"Siketi. Kimetoka kwenye maji ya beseni. Angalia, kimelala juu ya wenzake."

"Dani, kazi yako ni kukata, yangu ni kusoma."

"Ndiyo. Na mimi nakwambia unachosoma sicho kilichokatwa. Alileta vitatu. Hivi ni vinne."

Akachukua daftari, akaangalia mchele na sikio, nikaona mdomo wake unataka kucheka. Haukucheka. Akaweka kioo chini ya hadubini, akazungusha gurudumu mbele, nyuma, mbele. Kisha akasema, "Leta bloku."

Kioo kinaweza kudanganya, bloku halidanganyi, kwa sababu nyama yenyewe imo ndani ya nta na haijaenda popote. Nikalileta. Tukalishika dirishani. Vitatu. Mchele, mchele, sikio.

"Nani alikata hili?" Daktari akauliza.

Nyinyi mnaonisoma, nataka mjue sikuchelewa hata pumzi moja. "Lilian," nikasema.

Lilian alikuwa kwenye sinki, ng'ambo ya mlango uliokuwa wazi. Alifunga mfereji, akajifuta mikono. "Mimi? Dani, tuangalie rejista kwanza."

Kwenye rejista ya mashine kila mtu anaweka alama yake. Lilian anaandika jina lote kwa herufi nzuri. Mimi nachora samaki mdogo. Kwenye mstari wa msichana wa Nyamasaria kulikuwa na samaki. Kwenye mstari wa juu yake, samaki. Samaki ukurasa mzima.

Hapo ndipo iliponirudia. Asubuhi ya kukata mabloku hayo nilikuwa nimelaza utepe wa mgonjwa mmoja, nikateka kioo chake, na kabla sijachukua karatasi ya kupangusa maji nikasikia chupa zikigongana chumba cha pili. Nikajua Lilian anachanganya spiriti ya zamani na mpya. Nikaacha beseni, nikaenda. Nilimkuta anaosha chupa tupu. Hata hivyo nilisimama pale, nikanusa moja, nikanusa ya pili, nikanusa ya tatu. Niliporudi nilikaa kwenye mashine nikafunga bloku lililofuata, la msichana, nikalaza utepe wake moja kwa moja juu ya maji.

Maji yanaficha.

"Ni mimi," nikasema.

Lilian hakufurahi, na hilo lilinisumbua. Ningependa angefurahi.

Nilikuwa tayari nashukuru kwamba karatasi ya msichana haijatoka, lakini Daktari hakuwa ameshukuru. Alikuwa anatazama ndoano. "Dani," akasema polepole, "kama hii si yake, ina mwenyewe."

Nikafungua ukurasa wa nyuma. Mgonjwa aliyekatwa kabla ya msichana, naye wa mlango wa kizazi. Vipande vinne. Haragwe, mchele, mchele, na ndoano. Nilikuwa nimeichora mwenyewe, na ncha yake.

Kioo chake kilikuwa kabatini. Tukakitoa. Vipande vitatu. Haragwe, mchele, mchele, vyote vimetulia. Na karatasi yake ilishatoka juzi: hakuna saratani, endelea na shughuli zako.

Daktari Nafula akavua miwani, akaiweka mezani, akajishika uso.

Bloku lake tulilishika dirishani. Ndoano ilikuwepo, imekaa ndani ya nta kama mdudu kwenye gundi, inatungoja. Nilimwambia Lilian akate yeye. Siku hiyo mikono yangu sikuiamini. Alipangusa maji kabla, akapangusa katikati, akapangusa baadaye, na kila mara alinigeuzia karatasi nione. Mabloku yote mawili. Jioni majibu yakawa wazi. Msichana ana maambukizi, atatibiwa kwa vidonge. Yule mwingine, ndoano yake ilikuwa mbaya, na kadiri Lilian alivyokata ndani ndivyo ilivyozidi.

Namba ya simu iliyokuwa kwenye fomu haikupatikana. Anwani ilisema tu: Obunga, nyuma ya kinu cha unga, muuza samaki. Daktari alisema ataandika barua kwa kliniki yake, wamtafute. Nikamwambia barua siziamini, nitaenda mwenyewe. Akafikiria. "Mwambie arudi tu," akasema. "Mengine nitamwambia mimi."

Obunga ukifuata moshi utafika kwa wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Nilimkuta kwenye karai lake, mwanamke wa umri wangu, mnene, kitambaa kichwani, uma mrefu mkononi. Nilingoja wateja waishe.

"Mama, nimetoka hospitali. Kule maabara."

"Karatasi yangu nilipata." Hakuinua macho. "Niko sawa. Nilishatoa ushuhuda kanisani."

"Tunaomba urudi."

"Kufanya nini?"

"Daktari atakueleza."

Akanitazama sasa, kutoka viatu mpaka nywele. Mimi najua kutazama kule. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nawatazama watu hivyo.

"Mtu akiitwa tena, kuna kitu. Sema."

"Karatasi ilikosea."

"Nani alikosea? Karatasi haina mikono."

"Mimi."

Akageuza mgongo mmoja, mafuta yakachachamaa. "Juzi mmesema niko sawa. Leo mmesema siko sawa. Nitajuaje kama si leo ndiyo mmekosea? Nitajuaje hamtaki tu kunifanyia majaribio?"

Nikatoa daftari kwenye mkoba. Aliponiona nalifungua akaweka kiganja juu ya jalada, akalifunga.

"Usinionyeshe. Niambie kwa mdomo. Siku ile walinikata vipande vingapi?"

"Vinne."

Samaki waliungua, akawaacha waungue.

"Yule daktari hakuniambia idadi," akasema. "Nilikuwa nimelala natazama dari. Lakini nilihesabu. Kila alipokata nilihesabu." Akashusha karai kutoka motoni kwa nguo yake. "Cha nne ndicho kiliniuma."

Akainua kiganja. Nikamfungulia ukurasa, akavitazama vile vinne, akaweka kidole juu ya kile kilichojikunja bila mimi kumwonyesha.

Alikuja Jumatatu na dadake, akatibiwa, kizazi kikatolewa. Kwake hakikuwa na kazi tena, alisema hivyo mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wauguzi. Bado anakaanga. Nikipita huko ananiita mbele ya wateja, "Dani! Vingapi leo?" na hanifungii mfuko mpaka nihesabu. Msichana wa Nyamasaria sikumwona hata siku moja. Alimeza vidonge vyake, na sidhani anajua kulikuwa na karatasi.

Lilian, siku ile niliporudi kutoka Obunga uliniuliza kama nimekula, ukanimiminia chai. Nilinusa ile chai kabla ya kunywa, na uliniona. Nisamehe. Nilikunywa yote.

Daftari nimeliacha kwenye droo iliyo chini ya beseni la maji. Kurasa bado ziko nyingi tupu, na penseli imefungwa kwa kamba. Ukurasa wa yule mama mtautambua upesi: kuna doa la mafuta ya samaki juu ya ndoano, limepenya mpaka ukurasa wa msichana. Msilifute.